Kushuka Ndiko Kunakouma

Basi liliposimama Korogwe abiria wenzangu walishuka, mimi nikabaki mlangoni nikizitazama zile ngazi tatu kana kwamba ni za mnara. Kupanda alfajiri pale Moshi niliweza, tena na begi mgongoni. Kushuka ndiko kulikonishinda. Niliteremsha mguu wa kulia, paja likatetemeka, nikaurudisha juu. Mwisho niligeuka nikashuka kinyumenyume, kama mtoto anayeteremka kitandani, nimekumbatia bomba la mlango. Konda akanipokea mkono.

"Pole mama. Umeumia mguu?"

"Sijaumia. Jana nilikimbia."

"Kwani ulikuwa unakimbizwa na nini?"

Sikuwa na jibu, na dakika kumi na tano zilizotolewa zilikuwa zinayoyoma. Choo cha pale ni cha kuchuchumaa. Sitasimulia sana, ila kuchuchumaa kulihitaji ukuta na kuinuka kulihitaji dua.

Jana yake, Jumapili, nilikuwa nimekimbia kilomita 21 za Kilimanjaro Marathoni. Anayeijua ile njia anajua kwamba inakupandisha kuelekea Mweka, katikati ya migomba, kisha inakurudisha mjini kwa mteremko. Kwenye kupanda nilikuwa mpole. Nilihema, nilitembea pale penye mwinuko mkali, nikawaacha vijana wanipite na simu zao za muziki. Nilipogeuza nikaachia miguu. Nikawapita wote walionipita. Upepo usoni, watoto wa pembeni wananipigia makofi, nikajiona nimezaliwa Mbulu, kwa wanariadha. Mteremko ule kwangu ulikuwa mkopo wa kausha damu: fedha unapewa papo hapo, marejesho yanaanza kesho yake.

Nilirudi kwenye kiti kwa kuvuta migongo ya viti vya wenzangu. Jirani yangu, mzee mmoja wa makamo mwenye mabega mapana, alikuwa ameshaelewa.

"Mweka hiyo, dada," akasema. "Naona mapaja."

Alikuwa amebeba mizigo ya wageni mlimani kwa miaka mingi kabla ya kuhamia biashara ya mbao. Aliniambia kitu ambacho nilikuja kukikuta baadaye kwenye maandishi ya wanasayansi, kwa maneno magumu zaidi. Mgeni anafika Uhuru, mita 5,895, akiwa hoi kwa kukosa hewa, lakini miguu yake bado mizima. Siku hiyo hiyo anateremshwa hadi kambi ya Mweka, kwenye mita 3,100 hivi. Karibu mita 2,800 za kushuka tangu asubuhi. Kesho yake anapotoka hemani ndipo utamwona anatembea ubavuubavu kama kaa.

"Na nyie mliobeba kilo ishirini kichwani?"

"Sisi? Safari ya kwanza baada ya masika, mlima ukiwa umekaa bila wageni, tunaumia vilevile. Tunanyamaza tu, maana mgeni amelipa. Safari ya pili hamna kitu. Miguu imeshakumbuka."

*Miguu imeshakumbuka.* Nilifika Dar usiku nikiwa nalo neno hilo, pamoja na mapaja yaliyokuwa yanakazana kila saa iliyopita.

Jumanne ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Anayeanza mazoezi huwa hajui hili: siku ya kwanza unajidanganya kuwa umesalimika, siku ya pili ndiyo unalipishwa. Maumivu ya aina hii huanza saa kadhaa baada ya zoezi, hufika kileleni kati ya siku ya kwanza na ya tatu, halafu hufifia yenyewe ndani ya wiki. Alfajiri ile nilisali nimekaa kwenye kiti. Rukuu niliimudu, ila sujudu nilijua nikiteremka sitainuka mpaka adhuhuri. Mama, ambaye yuko kwangu tangu mfungo uliopita, alikuwa akinitazama kupitia pazia.

"Haya, niambie. Nani kakupiga?"

Alichemsha maji, akatia chumvi, akanikanda mapaja kwa taulo namna alivyonikanda nilipojifungua. Utamu wake siwezi kuueleza. Chumvi sidhani ilifanya lolote, lakini joto na mikono ya mama vilinituliza kwa saa nzima.

Jioni nikaenda gym. Sikwenda kufanya mazoezi, nilikwenda kujionyesha na medali. Gym yetu iko uani, nyuma ya gereji, Temeke. Vyuma vingi ni vya kuundwa: ekseli ya gari imegeuzwa kuwa mtalimbo, makopo ya rangi yamejazwa zege, benchi limechomelewa kwa mabaki ya kitanda cha hospitali. Kocha alinipongeza, akanizungusha mbele ya wenzangu, kisha akaelekeza kidole kwenye ekseli.

"Chuchumaa ishirini, dada. Za kuamsha."

"Kocha, hata choo nimekishindwa."

"Ndiyo maana. Dawa ya moto ni moto. Ukikaa, asidi itaganda humo ndani."

Nampenda kocha wangu. Ameniondolea kilo 14 na hajawahi kunicheka. Lakini methali hiyo nimeshaila mara moja, na sikuimaliza vizuri. Miaka miwili iliyopita tulipiga miguu Jumatatu, Jumatano naumwa, akaniambia maneno hayo hayo, nikaingia chini ya ekseli. Uzito ulikuwa ule ule niliouchezea juzi yake. Ya kwanza ikapanda, ya pili ikapanda. Ya tatu nilipokuwa chini paja la kushoto likasema basi. Halikuuma zaidi ya lilivyokuwa likiuma. Lilikosa nguvu tu, ghafla, kama taa umeme ukikatika. Nikapinda kiuno, ekseli ikaangukia upande, na mgongo ukanilaza chini wiki tatu. Yaani kilichoumia hakikuwa hata ule msuli uliokuwa unauma. Kilichoumia ni kile kilicholazimika kuubebea.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kusoma mambo haya, na cha kwanza kuanguka kilikuwa asidi. Karibu kila gym utasikia kwamba maumivu ya siku ya pili ni asidi ya laktiki iliyobaki kwenye misuli. Haibaki. Ukishapumzika, ndani ya saa moja hivi imesharudi kiwango chake cha kawaida, wakati maumivu hata hayajaanza. Mwaka 1983 watafiti wa Marekani, James Schwane na wenzake, walifanya jaribio ambalo ungedhani waliliwazia Mweka. Waliwakimbiza watu dakika 45 kwenye mashine, safari moja ikiwa tambarare, nyingine ikiwa imeinamishwa mteremko wa asilimia 10. Waliokimbia tambarare asidi ilipanda damuni, lakini hawakuumwa siku zilizofuata. Walioteremka asidi haikupanda, na ndio walioumwa.

Kumbe shida iko kwenye kushuka kwenyewe. Unapopanda, msuli wa paja la mbele unajikunja na kukusukuma juu. Unaposhuka, msuli huo huo unavutwa urefuke huku ukikataa, kama mtu anayeshikilia kamba ya ndoo inayozama kisimani. Ni breki. Kila hatua ya mteremko ni breki moja, na nyuzi za msuli ambazo hazijazoea kazi hiyo huvurugika kwa ndani, mahali padogo pasipoonekana ila kwa hadubini. Theodore Hough, mwanafiziolojia wa Marekani, aliandika tangu mwaka 1902 kwamba maumivu yanayochelewa ni kitu tofauti na uchovu, na akashuku kuwa kuna michaniko midogo ndani ya msuli. Mwaka 1981 Jan Fridén na wenzake huko Uswidi waliwateremsha watu ngazi mara nyingi, wakachukua vipande vidogo vya misuli ya mashavu ya miguu yao, na wakaziona nyuzi zimepoteza mpangilio. Baada ya mvurugiko huo mwili huleta uvimbe na maji kuja kufanya ukarabati, na mishipa ya fahamu iliyoko hapo inakuwa mikali. Ndiyo maana hata kuguswa kunauma.

Ndiyo maana pia kuchuchumaa polepole, kushusha vyuma, kushuka ngazi na kulima kwa jembe baada ya miezi ya kukaa kunauma, na kuendesha baiskeli tambarare hakuumi kwa kiasi hicho. Kwenye baiskeli hakuna breki ya namna hiyo.

Sasa swali la kocha liko pale pale: nifanye au nisifanye?

Nitasema ninavyoamini, nikiwa mtu wa mtaani tu aliyesoma na kuumia. Maumivu peke yake hayatoshi kukupa jibu. Kuna watu hujilaza siku nne kwa sababu wanaumwa, na hakuna kilichokuwa kinawazuia kutembea. Kuna wengine hudhani wasipoumwa hawajafanya kitu, wanayatafuta maumivu kama risiti. Mimi naangalia nguvu. Baada ya zoezi zito usilolizoea, nguvu za msuli zinaweza kupungua kwa robo, hata nusu, na zinaweza kuchelewa kurudi hata maumivu yakiwa yameshaondoka. Hapo ndipo watu wengi hujikwaa. Alhamisi huumwi, unadhani umepona, unapakia uzito wa Jumatatu juu ya msuli wa nusu.

Kipimo changu kimekuwa choo cha kuchuchumaa. Nacheka ninapoandika, lakini ni kipimo cha kweli. Nikiweza kushuka polepole bila ukuta, nikakaa chini kidogo, nikainuka bila kutupia kifua mbele, basi miguu imerudi kazini, hata kama bado inauma. Nikidondoka sentimita za mwisho kama gunia, miguu haiko tayari, hata kama haiumi.

Lakini kwa haki, kocha naye ana sehemu ya ukweli, na niliikuta mahali nisipoitarajia. Kazunori Nosaka, ambaye amefanya utafiti wa misuli kwa miaka mingi huko Australia, pamoja na mwenzake Mike Newton, waliwafanyisha watu zoezi kali la mikono la aina hii ya breki, kisha wakawarudisha kwenye zoezi hilo siku chache baadaye misuli ikiwa bado haijapona. Matokeo yao yalichapishwa 2002: kurudia hakukuongeza uharibifu wala hakukuchelewesha kupona. Kwa hiyo wale wanaokutisha kwamba ukigusa msuli unaouma utauchana wote, wanatia chumvi. Ila kumbuka, kule maabara mtu amekaa kwenye mashine, amefungwa mkanda, na akiishiwa nguvu hakuna kinachomwangukia. Gym ya uani ina ekseli.

Kwa hiyo Jumanne ile nilimwambia kocha nitafanya mikono. Akanuna kidogo, akanipa vyuma vya kifua na mgongo, na miguu ikaangalia. Nikarudi nyumbani kwa mguu badala ya bajaji, dakika ishirini na tano, hatua fupifupi. Jambo la ajabu la maumivu haya ni kwamba dakika tano za mwanzo unajuta, ya sita mwili unapata moto, na ya kumi unasahau. Ukikaa, yanarudi. Usidanganyike kwamba umejitibu. Kutembea kunatuliza wakati unatembea, lakini ukarabati unakwenda kwa saa yake. Mimi nautaka utulivu huo hata kama ni wa muda, maana vinginevyo ningebaki kitandani nikimsikiliza mama akimsimulia jirani kwamba binti yake amelipa nauli hadi Moshi kwenda kuvunja miguu.

Kunyoosha viungo nilifanya kwa mazoea tu. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa 2011 yalionyesha kwamba kunyoosha, kabla au baada, kunapunguza maumivu haya kwa kiasi kidogo mno. Kuchuliwa kunasaidia zaidi, alimradi mchuaji hana hasira na wewe. Sijui nani aliwafundisha watu wetu kwamba ukichuliwa bila kulia hujachuliwa. Chakula na usingizi sina la kusema usilolijua. Nilikula maharage na mayai, nikalala kwa muda wa saa tisa.

Dawa ndiyo nataka kusimama kidogo. Muuza duka la dawa alinipa diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe, kabla sijamaliza sentensi. Hakuniuliza nimekunywa maji kiasi gani, nina vidonda vya tumbo au la, figo zangu zikoje. Dawa za kundi hilo hupunguza damu inayopita kwenye figo, na mtu aliyetoka kukimbia juani akiwa amekaukiwa maji ndiye hasa wa kuwa nazo mwangalifu. Nilimrudishia. Kwa maumivu yanayokwisha yenyewe Ijumaa, sikuona sababu.

Na figo zinanikumbusha kijana mmoja wa mtaani kwetu, ambaye hadithi yake naisimulia kila anapokuja mtu mpya gym. Alikuwa mchezaji mzuri wa mpira, akaacha mwaka mzima, siku moja akawekeana dau na wenzake la kuchuchumaa mara 500. Alishinda. Kesho yake aliumwa, kama kila mtu. Keshokutwa mapaja yalikuwa yamevimba hadi suruali haipandi, magoti hayakunjiki, na mkojo wake ukawa rangi ya soda nyeusi. Nyumbani wakasema malaria imepanda, wakamnunulia dawa ya malaria. Siku ya tatu alipolalamika kwamba mkojo wenyewe hautoki ndipo akakimbizwa hospitali, akatundikiwa dripu kwa siku nyingi. Msuli ukivunjika kupita kiasi humwaga ndani ya damu protini iitwayo mayoglobini, na hiyo ndiyo inayougeuza mkojo rangi na kuzielemea figo. Waingereza walilijua jambo hili kwa njia ya huzuni. Mwaka 1941 madaktari Eric Bywaters na Desmond Beall waliandika habari za watu waliofukuliwa kwenye vifusi vya nyumba zilizopigwa mabomu London, walioonekana wamesalimika, kisha wakafa siku chache baadaye kwa figo kushindwa, kwa sababu ya misuli iliyopondwa. Kijana wetu hakuangukiwa na nyumba. Aliangukiwa na dau. Yeye alipona.

Kwa hiyo mkojo ukiwa mweusi, hakuna mjadala wa moto na moto, ni hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo maumivu yaliyokuja kwa kishindo katikati ya zoezi, yaliyo upande mmoja tu, yaliyokaa kwenye kiungo badala ya nyama, au mahali unapoweza kupaonyesha kwa ncha ya kidole. Hayo si ya mteremko wa Mweka. Hayo ni kuteguka au kuchanika, na yana habari zake nyingine.

Nimetaja Mbulu juu kule kwa utani, lakini wanariadha wetu wa kweli wanayajua haya kwa mapaja yao. Marathoni ya Boston inaanzia Hopkinton, karibu mita 140 juu ya pale inapoishia, na mteremko mwingi uko mwanzoni, mtu akiwa bado ana nguvu za kujidanganya. Mapaja yaliyochoshwa na kushuka ndiyo yanayokutana na vilima vya Newton, mbele ya njia hiyo hiyo. Gabriel Geay alishika nafasi ya pili pale 2023, na Alphonce Simbu naye akaishika 2025, miezi mitano kabla ya kutwaa ubingwa wa dunia Tokyo. Na kule Kaptagat, Kenya, kambi ya Eliud Kipchoge na kocha wake Patrick Sang ilijulikana kwa utaratibu wake: kazi nzito Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, na siku za katikati watu wanakimbia taratibu, mwanzoni polepole kiasi kwamba hata mimi ningejaribu kuwafuata. Hawalali siku hizo, wala hawashindani.

Jumatano nilishuka ngazi nikiwa nimeshika ukuta. Alhamisi niliushika kwa kidole kimoja. Ijumaa kipimo changu nilikipita, na sala ya Ijumaa nilisujudu kama watu wengine. Jumamosi nikarudi kwa kocha, nikachuchumaa na ekseli tupu, bila kopo hata moja la zege.

Nilimsimulia habari za yule mzee wa basi. Kwamba miguu hukumbuka: ukiionjesha kushuka kidogo leo, msuli unajijenga upya kwa namna ya kuhimili, na wiki chache baadaye kushuka kule kule hakukuumizi hata nusu yake. Wanasayansi wamelipima hilo mara nyingi, na kinga hiyo inaweza kudumu wiki kadhaa, hata miezi. Kocha akafurahi.

"Si ndiyo nilivyosema? Moto kwa moto."

"Ulisema leo leo, kocha. Moto wa kwanza ulitakiwa Januari."

Alikuna kidevu. Dar haina milima, lakini barabara ya kwenda Kisarawe ina miteremko ya Pugu. Tumekubaliana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tupande bajaji hadi juu na tushuke kwa miguu, polepole. Yeye anataka mara kumi. Mimi nimesema mara nne, na nauli ya bajaji ni juu yake.